Antena ya grafini ya 868 MHz, na pale S11 (kipimo cha signo inayorudi kutoka kwenye antena) inapokudanganya

Kabla hujanunua chochote: ile grafini ya safu moja ya atomu za kaboni, ile Geim na Novoselov waliibandua kwa selotepu kule Manchester (2004), hapa hatuitumii. Ina ukinzani wa mamia ya omu kwa kila mraba, signo yako inaishia humo humo. Raha yake iko kwenye terahezi (masafa ya juu mno), huko unaibadilisha tabia kwa volti tu. Sisi tunachukua wino wa vipande vya grafini.

Hatua ya 1. Wimbi la 868 MHz ni kama sm 34.5, daipoli (antena ya mikono miwili) ni nusu yake, punguza kidogo, kila mkono upe sm 8. Upana sasa, usiige wa shaba. Mkono wa mm 5 ni sawa na miraba 16 kwenye foleni, wino wa omu 1 kwa mraba tayari una omu 16. Ukipanua hadi sm 2 inabaki miraba 4, yaani omu 4.

Hatua ya 2. Zungushia tepu umbo la mikono miwili kwenye karatasi nene, katikati acha mm 2, paka wino, kausha na drai ya nywele, rudia mara 3 au 4. Halafu gandamiza na kisukumio cha chapati (funika na plastiki kwanza, la sivyo mtagombana na mwenye jiko) vile vipande vilaliane, ukiweka multimita huku na huku unaona kabisa omu zinashuka.

Hatua ya 3. Lehemu haishiki, tumia gundi yenye chembe za fedha. Waya wa kati wa kebo ya antena mkono mmoja, wavu wake mkono wa pili.

Hatua ya 4, hapa ndo watu wanaliwa. Nilipima yangu ya kwanza na NanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia antena), S11 imezama vizuri nikashangilia, kumbe signo hairudi kwa sababu inageuka joto ndani ya wino! Hata resista ya omu 50 itakupa S11 safi na haisikiki chumba cha pili. Kwa hiyo kata nyingine ya shaba umbo lile lile, zifunge kwa zamu kwenye moduli ya LoRa (redio ndogo ya kutuma data mbali), sehemu ile ile, soma RSSI (nguvu ya signo inayopokelewa). Ya grafini ikiwa chini kwa 3 dB ujue umepoteza nusu ya nguvu.

Ikizidi hapo ongeza koti. Kwa masafa haya shaba inatosheka na unene wa mikroni 2 hivi, ila wino unaopitisha umeme mara elfu moja chini yake unahitaji kama 70, kwa hiyo usione aibu kupaka tena na tena.