Usisuuze bomba la dawa ziwani

Kwa wenye bustani za nyanya na kabichi kandokando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igombe: ukimaliza kupulizia, bomba lisishuke ufukweni. Panda na ndoo moja ya maji shambani mapema. Suuza bomba mara tatu kwa maji kidogokidogo, lita moja moja hivi, ukitikisa vizuri, na kila mara pulizia hayo maji kwenye matuta yale yale. (Mimi nilikuwa nasuuzia ziwani kama kila mtu, mpaka nilipoona vifaranga vya sato vinaelea tumbo juu kwenye matete.)

Dawa nyingi za wadudu tunazotumia, kama sipamethrini na deltamethrini, hushikamana na udongo na kuozea humo. Zikiingia majini ni balaa: kiasi kidogo sana kinaua samaki, na kabla ya samaki kinaua vile vidudu vidogo ambavyo dagaa hula. Povu halionekani, harufu haipo, lakini chakula chao kimekwisha.

Kusuuzia shambani hakusaidii sana kama mvua kubwa iko njiani, maana udongo wenyewe utaserereka hadi ziwani na dawa yake. Imidakilopridi, dawa nyingine ya wadudu, huyeyuka majini na hupenya mchangani, kwa hiyo isogeze mbali kabisa na ufukwe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ufukweni, ingawa tunajua wenyewe matuta yetu yanaishia wapi.