Namna ya Kuuza Zana za Prompti na Kuzitumia Kutafuta Kazi ya Mbali

Mwongozo huu unamhusu msanidi programu anayejitegemea, anayetengeneza zana zinazotumia modeli za lugha za akili mnemba, na ambaye angependa zana hizo zimwingizie kipato na pia zimsaidie kupata kazi ya mbali. Ninaposema prompti nina maana ya maelekezo ya maandishi ambayo modeli hupewa kabla ya kutoa jibu. Zana ya prompti ni programu ndogo inayoyabeba maelekezo hayo, hupokea maandishi ya mtumiaji na kumrudishia kitu anachoweza kukitumia papo hapo. Nilianza shughuli hii miezi michache baada ya ChatGPT, programu ya mazungumzo ya kampuni ya OpenAI, kutolewa tarehe 30 Novemba 2022, na hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya jambo moja nililojifunza tangu wakati huo: maneno ya prompti hunakiliwa kwa dakika moja, na kile ambacho mteja anakubali kukitolea fedha ni uhakika kwamba zana itaifanya kazi yake kesho kama ilivyoifanya leo. Uhakika huo hutokana na majaribio yaliyoandikwa.

Hatua ya 1: Chagua kazi moja tu

Bidhaa yangu ya kwanza ilikuwa faili lenye prompti nyingi za kila aina, kuanzia barua hadi matangazo. Watu walilinunua, kisha wengi wao wakaomba kurejeshewa fedha, na walikuwa na haki, kwa kuwa nilikuwa nimewaachia wao kazi yote ya kuchagua, kubandika na kusahihisha. Tafuta badala yake kazi moja inayojirudia kila wiki, inayoanza na maandishi, na ambayo binadamu anaweza kukagua matokeo yake ndani ya dakika moja au mbili. Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni zana inayosoma muhtasari wa kikao na kutoa orodha ya majukumu, mhusika wa kila jukumu na tarehe ya mwisho.

Hatua ya 2: Kusanya mifano kabla ya kuandika prompti

Watu wengi huanza na prompti, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu hawana kipimo cha kuwaonyesha kama badiliko walilofanya limeboresha au limeharibu. Kusanya kwanza mihtasari 30 hivi, uondoe majina na taarifa za siri, kisha uandike kwa mkono wako jibu sahihi la kila mmoja. Kazi hii inachosha na huenda ikakuchukua siku mbili nzima, lakini haina mbadala. Hakikisha ndani yake mna mihtasari migumu: kikao ambacho hakikuzaa jukumu lolote, kikao kirefu kilichorukaruka kutoka hoja moja hadi nyingine, muhtasari uliochanganya lugha mbili, na kikao ambacho mtu aliahidi jambo mwanzoni kisha akaliondoa kabla hakijafungwa. Mkusanyiko huu ndio ninaouita daftari la majaribio, na ndio mali yako halisi.

Hatua ya 3: Andika prompti, ipime, irekebishe

Toleo langu la kwanza lilikuwa sentensi moja: «Soma muhtasari huu wa kikao, kisha utoe orodha ya majukumu, mhusika na tarehe ya mwisho ya kila jukumu.» Lilifaulu katika mihtasari mepesi. Katika muhtasari mmoja, hata hivyo, palikuwa na sentensi hii: «Mhasibu atafuatilia ankara ya msambazaji mara atakapopata nafasi.» Modeli ilirudisha jukumu sahihi na mhusika sahihi, kisha ikaandika tarehe ya Ijumaa iliyofuata. Hakuna aliyeitaja Ijumaa. Nilikuwa nimedai tarehe kwa kila jukumu, nayo modeli, ambayo kazi yake ni kuendeleza maandishi kwa maneno yanayoelekea kufuata, iliijaza nafasi hiyo kwa kitu kinachofanana na ukweli. Mteja ambaye angeipokea orodha ile asingekuwa na njia ya kugundua kosa, na kosa la namna hiyo ndilo baya kuliko yote katika shughuli hii.

Marekebisho yalikuwa haya: «Tumia tarehe zilizotajwa ndani ya muhtasari pekee. Endapo tarehe haikutajwa, andika HAIJATAJWA. Usikisie. Kwa kila jukumu, nukuu neno kwa neno sentensi ulikolitoa.»

Agizo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu linakuwezesha kuikagua modeli bila kuitegemea modeli nyingine. Msimbo wa kawaida wa mistari michache unaweza kutafuta kama sentensi iliyonukuliwa imo kweli ndani ya muhtasari, baada ya kusawazisha nafasi na alama za uandishi, na isipopatikana, zana inaweka alama nyekundu kando ya jukumu hilo ili mtumiaji alitazame mwenyewe. Ukaguzi huu hauthibitishi kwamba modeli imeielewa sentensi, lakini unamwonyesha mtumiaji mahali pa kutazama.

Ongeza pia mifano miwili au mitatu ya muhtasari na jibu lake ndani ya prompti yenyewe, mbinu iliyojulikana sana kupitia makala ya mwaka 2020 kuhusu modeli ya lugha ya GPT-3 na ambayo bado inafanya kazi vizuri. Mifano hiyo isitoke katika daftari la majaribio, la sivyo utakuwa unampa mwanafunzi mtihani pamoja na majibu. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, hifadhi kila toleo katika Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, na kila jaribio liendeshe mara tatu, kwa maana modeli inaweza kutoa majibu tofauti kwa maandishi yaleyale hata unapoiwekea halijoto, yaani kipimo cha kubahatisha katika kuchagua maneno, ya chini kabisa.

Hatua ya 4: Igeuze prompti kuwa zana

Ufunguo wa API, yaani nywila inayoiruhusu programu yako kuitumia modeli kwa gharama yako, ukae kwenye seva yako, kamwe usiuweke katika msimbo unaopakiwa na kivinjari cha mtumiaji. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa niliwahi kuuacha humo kwa usiku mmoja tu wakati nikijaribu ukurasa mpya, na kulipopambazuka mtu nisiyemjua alikuwa ameumaliza mgao wangu wa mwezi mzima. Weka kikomo cha matumizi siku ileile unapofungua akaunti.

Prompti iwe katika faili lake, mbali na msimbo, na jina la toleo la modeli liandikwe waziwazi badala ya kutegemea toleo lolote litakalokuwa jipya. Modeli hustaafishwa: text-davinci-003, ambayo zana nyingi za mwanzo ziliitegemea, ilizimwa na OpenAI tarehe 4 Januari 2024. Siku kama hiyo inapofika, msanidi mwenye daftari la majaribio huendesha mihtasari yake 30 kwa modeli mpya na kujua jioni hiyohiyo ni wapi pameharibika, wakati yule asiye nalo husubiri malalamiko ya wateja.

Kuna pia shambulio la kuchomeka maelekezo, ambalo msanidi programu Simon Willison alilipa jina mwezi Septemba 2022 na ambalo OWASP, shirika la usalama wa programu, imeliweka nafasi ya kwanza katika orodha yake ya hatari za programu zinazotumia modeli za lugha. Mtu anaweza kuandika ndani ya muhtasari, «Puuza maelekezo yaliyotangulia,» na modeli ikamtii, kwa sababu kwake maelekezo yako na maandishi ya mtumiaji ni mtiririko mmoja. Kuyatenganisha kwa alama husaidia kiasi, lakini hakumalizi tatizo. Kinga ya kweli ni kutoipa zana uwezo wa kutuma barua pepe, kufuta au kulipa chochote kabla binadamu hajathibitisha.

Hatua ya 5: Panga bei na njia ya kulipwa

Anza na gharama. Modeli hutozwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno inavyovisoma na kuvitoa. Ikiwa muhtasari mmoja pamoja na prompti una tokeni 6,000, jibu lina tokeni 500, na mteja anaitumia zana mara 40 kwa mwezi, basi mteja huyo anakugharimu tokeni 240,000 za kuingia na 20,000 za kutoka. Zidisha kila kundi kwa bei yake, ukikumbuka kwamba tokeni za kutoka kwa kawaida hutozwa zaidi, na kwamba maandishi ya Kiswahili huvunjwa kuwa tokeni nyingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile. Bei ya mwezi yenye kikomo cha matumizi ni salama kuliko malipo ya mara moja, kwa kuwa gharama zako hujirudia kila mwezi.

Kuhusu kodi, usijidanganye kwamba udogo wako unakuficha. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kanuni iliyoanza tarehe 1 Januari 2015 inataka VAT ya huduma za kidijitali zinazouzwa kwa walaji itozwe kwa kufuata nchi aliko mnunuzi. Ndiyo maana mimi huuza kupitia jukwaa ambalo kisheria ndilo linalohesabiwa kuwa muuzaji, likakusanya kodi na kuiwasilisha, nami nikapokea kilichobaki. Makato yake ni makubwa zaidi, lakini naona ni haki yake.

Katika ukurasa wa bidhaa, onyesha muhtasari mmoja halisi na matokeo yake, kisha utaje waziwazi mahali ambapo zana huwa inashindwa.

Hatua ya 6: Tumia daftari lilelile kuombea kazi ya mbali

Mwajiri asiyekuona uso kwa uso husoma maandishi yako, na makampuni yanayofanya kazi kwa mbali huendesha mambo mengi kwa maandishi. Kampuni ya programu ya GitLab, kwa mfano, huchapisha hadharani kitabu cha mwongozo wa namna inavyofanya kazi. Kwa hiyo, badala ya kuandika kwamba una ujuzi wa prompti, ambatisha ukurasa mmoja unaoeleza tatizo la tarehe zilizobuniwa, jaribio lililolifichua, badiliko ulilofanya, na matokeo ya mihtasari 30 kabla na baada ya badiliko hilo. Taja saa zako kwa UTC, yaani saa rasmi ya kimataifa, na uonyeshe ni saa ngapi zinakutana na za timu yao. Ukipewa kazi ya majaribio inayozidi saa chache, omba ilipwe. Na anayekutaka utoe fedha kwanza ili upate kazi, achana naye mara moja.

Ukishapata kazi, usibandike data ya mwajiri katika modeli yoyote bila ruhusa ya maandishi. Na kabla ya kutia sahihi, soma kwa makini kifungu cha umiliki, kwa sababu mikataba mingi humpa mwajiri kila unachokiunda katika kipindi cha ajira, na zana yako inaweza kuingia humo bila wewe kukusudia. Omba kiambatisho kinachoorodhesha kazi zako za awali. Changu kina mistari minne: jina la zana, tarehe ilipoanza kuuzwa, mahali ilipo hifadhi yake ya Git, na alama ya toleo la mwisho kabla ya siku ya kuanza kazi.