Namna ya kutunga neno ya kuchekesha yenye watu wa Goma watarudilia

Watu wengi wanafikiri kuchekesha ni zawadi ya kuzaliwa nayo tu. Mimi sikubali. Neno ya kuchekesha inaanziaka mu macho. Enda Birere, kartie ya biashara ya hapa Goma, asubuhi, simama karibu na mama mwenye kuuzisha samaki ndogo ya sambaza, mpatie noti ya dola tano kisha uangalie: atainua ku jua, atageuza, atapitisha kidole polepole ku kona zote ine, na akikuta kapasuko kadogo kama jino ya panya anakurudishia bila hata kukutazama. Sasa ona chenji yenye anapatia mwenzako, faranga mia tano imechoka, nyeusi, imeungwa na skoch, inanuka samaki, na inapokelewa bila maneno! Hapo njo kuna neno, imebakia tu kuikata.

Kukata njo kazi yenyewe. Mara ya kwanza niliandika: "Mu Goma faranga hata ichakae namna gani inapokelewa, lakini dola ikipasuka kidogo wanaikataa." Ni kweli, lakini hakuna mwenye alicheka, juu hiyo ni habari tu. Nikazigeuza kuwa watu: "Faranga ni mtoto wa maskini, anapigwa na anaenda ku kazi, dola ni mtoto wa bosi, akikwaruzwa kidogo analala nyumbani." Hapo walicheka. Kicheko kinakaa ku neno ya mwisho, ukiongeza kitu nyuma yake, hata "si ni kweli?", umeiua.

Njia ingine, chukua methali yenye kila mutu anajua, acha kichwa, badilisha mukia. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mu kartie yenye robine ya maji inakauka wiki nzima, jembe ya nini? Siku ya tatu mpe bido ya litre makumi mbili ashuke nayo ku ziwa. Na kuhusu ufupi, mwalimu wetu ni Article 15, ile sheria ya mzaha ya Wakongomani: kutoka Matadi mpaka Lubumbashi kila mutu anaelewa "jitafutie mwenyewe", hata mwenye hajafunguaka kitabu ya sheria.

Kitu kimoja nakuomba sana sana: mambo ya volkano. Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji tarehe 17/1/2002, ikalipuka tena 22/5/2021, na kuna familia zenye mlango wao uko chini ya majiwe mpaka leo. Wacha wao waanze. Mjomba wangu ni fundi wa kujenga, nyumba yake ilienda mu 2002, akajenga ingine na majiwe ile ile, na yeye njo anasemaka: "Ule mlima tulisaidiana, mimi nilinunua simenti, majiwe alileta yeye." Tunacheka juu yeye njo amefungua. Ningesema mimi, ingekuwa matusi.

Neno ikikujia andika palepale mu telefone, usiku mmoja tu inakuwa imekimbia. Kisha jaribia ku mutu mwenye hakujui, juu marafiki wanacheka kwa adabu. Mimi najaribiaka ku motari, mwenye kubeba watu ku moto (pikipiki). Akinyamaza, rudia kukata.

Juzi nilipanda moto Majengo kuenda Signers, motari mwenye sijawahi kumuona akaanza kunielezea ile ya mtoto wa bosi, lakini yake inaisha: "akikwaruzwa kidogo anapelekwa Nairobi." Iko muzuri kuliko yangu. Saa hii nasemaka yake.