Kuzunguka Roma kwa metro, basi na miguu: kwa wanaokuja hija na wanafunzi wapya

Jamani, kila mwaka makundi ya mahujaji kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Congo yanaingia Roma, alafu kuna mapadri na masista wanaokuja kusoma pale Urbaniana (mizizi yake ni chuo alichoanzisha Papa Urbano wa Nane mwaka 1627) na vyuo vingine vya kipapa, na swali ni lile lile, mjini mtu anaendaje bila basi la kukodi? Naandika sababu naona watu wanapanda teksi kwa safari ambayo nauli yake ni euro 1.50, na inaniuma kweli, maana hela yenyewe mara nyingi imechangwa na jumuiya nzima kule nyumbani.

Kwanza elewa mji wenyewe. Roma ni kubwa ila metro yake ni ndogo, laini tatu tu: A ya rangi ya chungwa, B ya bluu na C ya kijani. B ilifunguliwa 1955, A ikaja 1980, C ikaanza 2014 na mpaka leo wanaendelea kuichimba. Sababu ya kuchelewa iko chini ya ardhi, yaani kila wakichimba wanakuta Roma ya kale, kwahiyo mafundi wanasimama na watu wa mambo ya kale wanaanza kazi yao. Pale Porta Metronia walikuta kambi ya askari wa Kirumi ya karne ya pili, na kituo cha San Giovanni vitu vilivyochimbuliwa vimepangwa humo humo kituoni unaviona ukishuka kwenda kupanda treni. C ilifika Colosseo Desemba 2025. Maana yake kwako ni hii: ule mji wa katikati kabisa, Pantheon, Piazza Navona na vichochoro vyake, hauna metro, huko ni basi na miguu, kwahiyo viatu vizuri ni sehemu ya usafiri wako.

Sasa tiketi, hapa ndipo wengi wanapigwa faini. Ndani ya basi hakuna konda na dereva hauzi tiketi. Unanunua kabla, kwenye mashine za vituo vya metro, kwenye vibanda vya magazeti, au kwenye duka la sigara lenye kibao cha herufi T kubwa nje (wanaita tabacchi, yapo karibu kila mtaa ila Jumapili mengi yamefungwa, nunua za akiba Jumamosi). Tiketi ya kawaida inaitwa BIT, euro 1.50, inadumu dakika 100 tangu ulipoigonga (yaani kuipitisha kwenye mashine ikapigwa tarehe na saa) mara ya kwanza. Ndani ya hizo dakika unaweza kupanda mabasi na tramu unavyotaka lakini metro mara moja tu. Kuunganisha laini A na B pale Termini (stesheni kuu ya treni) bila kutoka kwenye mageti ni safari moja hiyo hiyo, ila ukishatoka nje umemaliza, ukirudi metro unahitaji tiketi nyingine hata kama dakika zimebaki.

Na kuigonga ni lazima. Kuwa nayo mfukoni haijagongwa ni sawa na kutokuwa nayo kabisa, na wakaguzi hawajali kama wewe ni mgeni, sista au mzee, faini inazidi euro 50 hata ukilipa haraka na ukichelewa inapanda. Kwenye metro geti lenyewe linaigonga, kwenye basi ni mashine ndogo karibu na mlango. Mashine ikiwa mbovu chukua kalamu uandike tarehe na saa kwenye tiketi, ndiyo utaratibu unaokubalika. Na usiitupe mpaka umeshuka na kutoka kituoni.

Ukiwa na kadi ya benki ya kugusisha, au simu yenye kadi ndani, unaweza kuacha kabisa habari za karatasi, unagusisha getini au kwenye mashine ya ndani ya basi na inahesabu ile ile nauli ya dakika 100. Zingatia mawili: kila mtu na kadi yake, huwezi kumgusishia mwenzako kwa kadi uliyotumia mwenyewe, na ukianza na simu endelea na simu siku nzima kwani mfumo unaona simu na kadi kama vitu viwili tofauti hata kama akaunti ni moja. Watoto chini ya miaka 10 wanaenda bure wakiwa na mtu mzima. Wanafunzi mnaokaa miaka chukueni abonamenti, yaani tiketi ya mwezi mzima, euro 35, usihangaike na BIT kila siku.

Haya, basilika nne kubwa, ndiyo safari inayoulizwa kuliko zote, na inawezekana kwa siku moja bila teksi hata moja. Anza asubuhi mapema kwa Mtakatifu Petro, shuka kituo cha Ottaviano laini A, kutoka pale ni kutembea kama dakika kumi hivi. Metro inaanza saa 11 na nusu alfajiri, na kama ni Jumatano siku ya katekesi ya Baba Mtakatifu usingoje saa 2, sababu Ottaviano inajaa mpaka kwenye ngazi. Ukimaliza rudi Ottaviano, panda treni iliyoandikwa Anagnina, vituo tisa mpaka San Giovanni, na njiani baada ya Lepanto treni inatoka juu inavuka mto Tiber darajani, mwanga unaingia kidogo alafu mnazama tena. Ukitoka San Giovanni unapita lango la ukuta wa zamani na basilika ya Laterano iko mbele yako, Scala Santa (Ngazi Takatifu) ng'ambo ya barabara.

Kutoka hapo usirudi metro. Kuna barabara moja inaitwa Via Merulana, imenyooka mpaka Santa Maria Maggiore, ni dakika ishirini za kutembea taratibu na ina vivuli vya miti, mimi naona hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote ya siku nzima kwani kundi linaweza kusali rozari huku linatembea. Santa Maria Maggiore ndipo alipozikwa Papa Fransisko, Aprili 2025, kwahiyo tegemea foleni. Ukitoka unashuka kwa miguu mpaka Termini, ni karibu, unaingia laini B upande ulioandikwa Laurentina, vituo sita mpaka Basilica San Paolo, na kwa Mtakatifu Paulo ni dakika chache kutoka kituoni. Kurudi upande wa Vatican chukua basi namba 23, linafuata mto, na kama zile dakika 100 hazijaisha tiketi uliyogonga Termini bado inafanya kazi. Piga hesabu hapo, tangu Ottaviano ni BIT mbili, tatu ukichelewa.

Wazee na wenye magoti mabaya wapangie mabasi zaidi. Vituo vingi vya laini A vina ngazi ndefu na lifti au ngazi za umeme si za kutegemea, wakati basi unapanda kutoka barabarani moja kwa moja.

Kwenye basi lenyewe, soma kibao cha kituo kabla hujapanda. Kina namba ya basi na orodha ya vituo vyote kwa mpangilio, pale ulipo pamewekewa alama, vilivyo chini yake ndiyo linakoenda. Kama unakokwenda kuko juu ya hiyo alama uko upande usio wako, na usidhani kituo cha kurudi kiko ng'ambo ya barabara maana njia nyingi ni za upande mmoja, kinaweza kuwa mtaa wa pili kabisa. Basi likija inua mkono. Kushuka bonyeza kitufe chekundu mapema, taa ya "fermata prenotata" ikiwaka ujue dereva amesikia, alafu sogea mlango wa katikati ukisema "permesso" (naomba njia), hilo neno moja linafungua njia vizuri tu.

Vibaka wapo na wanajua kuchagua, hasa laini A kati ya Termini na Spagna, na mabasi 64 na 40 yanayotoka Termini kwenda upande wa Vatican. Begi mbele kifuani, pasipoti iache nyumba ya wageni ubebe kopi, na wakati mlango unafunguka ndipo ushike simu kwa nguvu zaidi, sababu wanachomoa na kuruka nje mlango ukiwa unafunga.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, BIT haifanyi kazi, hiyo wengi hawaambiwi. Leonardo Express ni euro 14, dakika 32 mpaka Termini bila kusimama. Treni ya FL1 ni euro 8 ila haifiki Termini, inapita Trastevere, Ostiense na Tiburtina, na kwa wengi ndiyo nzuri zaidi: Ostiense imeungana na kituo cha Piramide, Tiburtina nayo ina metro yake, zote laini B. Ukiwa unakaa kaskazini ya mji angalia mbele ya treni ya B, sababu inagawanyika pale Bologna, nyingine inaenda Rebibbia nyingine Jonio.

Migomo. Neno ni sciopero, mara nyingi ni Ijumaa, na inatangazwa siku kadhaa kabla, kwahiyo muulize mwenyeji au angalia matangazo kituoni. Hata siku ya mgomo kuna masaa ya lazima, kuanzia asubuhi usafiri unapoanza mpaka saa 2 na nusu, alafu saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku. Panga ndani ya hayo masaa, katikati tembea. Na usiku metro inafunga saa 5 na nusu, Ijumaa na Jumamosi inasogea mpaka saa 7 na nusu. Baada ya hapo tafuta mabasi yenye herufi n ndogo mbele ya namba, nMA inafuata njia ya laini A juu barabarani, nMB ya laini B, nMC ya laini C, na tiketi ni ile ile.