Kurudia tamathali za semi na usomaji kabla ya mtihani wa Kifaransa

Mwanafunzi wa humanités (shule ya sekondari) hapa Bukavu anaweza kukariri maana ya métaphore neno kwa neno na bado akapoteza alama. Mara nyingi mtihani hauombi maana. Unaleta sentensi na kuuliza: kuna tamathali gani hapa, na inafanya kazi gani? Marudio yafuate swali hilo.

Chukua karatasi nne za A4. Kunja kila moja mara tatu, kata kwenye mikunjo, utapata vipande vinane kwa karatasi. Upande mmoja andika jina la tamathali kwa Kifaransa, jinsi litakavyokuja siku ya mtihani. Upande wa pili weka dalili ya kuitambua, mfano uliotunga mwenyewe kwa Kiswahili, na mwingine kwa Kifaransa. Usinakili mfano wa daftari, kwa kuwa unaingia kichwani bila kueleweka. Kadi sita au saba kwa jioni zinatosha. Kesho yake anza na za jana, na ulizokosa zirudi juu ya rundo.

Kadi zinazochanganyana zisome mbili mbili. Hapo ndipo alama nyingi hupotea. "Njia ya Kadutu inateleza kama sabuni" ni comparaison: neno la kufananisha linaonekana, na kwa Kifaransa litakuwa comme, tel, pareil à au ressembler à. Toa neno hilo, sema "njia ni sabuni", umepata métaphore. Ila angalia: katika "Comme il pleuvait, nous sommes restés", comme maana yake ni "kwa kuwa", hakuna kinachofananishwa. "Ziwa limekasirika" ni personnification, kwa kuwa ziwa limepewa hisia za mtu, na kwa kweli ni aina ya métaphore pia. Majibu yote mawili yakiwepo kwenye orodha, chagua lile linalobana zaidi, yaani personnification.

Métonymie na synecdoque huwasumbua hata wanafunzi wazuri. "Bukavu nzima ilishuka Nyawera": mji umesimama mahali pa wakaaji wake, na mji si sehemu ya mtu, una uhusiano naye tu, basi ni métonymie. "Mtumbwi huu unahitaji mikono sita": mkono ni sehemu ya mpiga kasia, nao umesimama mahali pa mtu mzima, basi ni synecdoque. Litote na euphémisme zipimwe kwa nia ya msemaji. "Huyu si mjinga" ni litote: inasema kidogo ili ieleweke kwamba ana akili sana. "Mzee ametutoka" ni euphémisme: inapunguza ukali wa habari ya kifo.

Kwa mashairi, jua alexandrin ni mshororo wa silabi 12, décasyllabe 10, octosyllabe 8. Kwa vina, rimes plates ni AABB, croisées ABAB, embrassées ABBA. Kosa la kawaida ni e ya mwisho wa neno. Katika "la belle nuit" inahesabiwa kwa sababu konsonanti inafuata; katika "la belle étoile" ile ya belle inamezwa na vokali, na ile ya étoile haihesabiwi ikiwa mwishoni mwa mshororo. Hesabu kwa vidole, kwa sauti.

Usomaji unahitaji mazoezi ya kila siku: andiko moja la ukurasa mmoja, dakika 25. Soma maswali kwanza, kisha andiko lote bila kusimama, halafu mara ya pili ukiwa na kalamu. Kando ya kila aya andika maneno matatu hadi matano yanayosema inazungumzia nini. Zungushia mais, cependant, pourtant, donc, car, kwa kuwa mawazo hugeuka au hufungwa hapo. Mara nyingi wazo kuu la mwandishi hukaa baada ya cependant, na anayesoma mwanzo tu hulikosa. Neno gumu usiliache mara moja: soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, weka neno lako mahali pake, uone kama maana inasimama.

Katika maswali ya kuchagua, majibu ya uongo yana sura zinazojirudia. Moja ni pana kuliko andiko. Lingine limeshika jambo dogo la aya moja. Jingine ni kweli duniani lakini halikuandikwa pale. Hilo ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu unalipenda. Maneno kama toujours, jamais na tous yakaguliwe: je, mwandishi kweli alisema "siku zote"? Na je ya Kifaransa ("mimi") katika hadithi ni msimulizi. Usimwite mwandishi isipokuwa andiko ni la maisha yake mwenyewe.

Kwa maswali ya kuandika, tii kitenzi. Relevez: nakili maneno ya andiko ndani ya alama za kunukuu, bila kubadili hata moja. Expliquez: tumia maneno yako. Justifiez: nukuu fupi pamoja na maelezo yako, na uonyeshe namba ya mstari ikiwa mistari ina namba. Ukiombwa kazi ya tamathali, usiandike "inapendeza". Andika inakuza nini, inapunguza nini, au inamfanya msomaji amwone mhusika namna gani.