Pasi Kwanza, Tiketi Baadaye: Kwa Mlioko Ujerumani Mnaowaleta Watoto Mbeya na Iringa Likizo ya Julai

Mzazi unayepanga kuwaleta watoto Nyanda za Juu Kusini likizo ya Julai na Agosti, kabla hujakata tiketi zitoe pasi zote mezani: yako, ya mwenzako na ya kila mtoto. Mwenye pasi ya Tanzania analipa kiingilio cha hifadhi ya taifa kwa shilingi, elfu chache tu. Mwenye pasi nyekundu ya Ujerumani ni mgeni, na mgeni mtu mzima analipa makumi ya dola kwa saa 24, juu yake kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Mtoto chini ya miaka mitano anapita bure, wa miaka mitano hadi 15 ana kiwango chake cha chini, kuanzia 16 ni mtu mzima. Haijalishi kwamba babu yake kazikwa Tukuyu. Haijalishi kwamba anasalimia kwa Kinyakyusa vizuri kuliko binamu zake wa Dar. Getini wanasoma pasi.

Mimi niliumia hapo. Mdogo wangu wa Uyole alitutafutia wakala wa safari, jina lake naliacha. Bei ilikuwa moja kwa familia nzima, gari, dereva, mafuta na "viingilio vyote humo humo". Akataka fedha za viingilio zitangulie, zitumwe kwenye namba yake ya simu, eti tusipange foleni asubuhi. Tukatuma. Tulipoomba risiti akasema tutaikuta getini.

Getini karatasi ilikuwepo kweli, yenye namba ya malipo ya serikali. Ila wote tulikuwa tumeandikwa Watanzania, mpaka watoto ambao pasi zao nilikuwa nimezishika mkononi. Yule askari wa hifadhi hakutufokea. Aliigeuza kompyuta yake upande wetu, akaweka kidole kwenye mstari wa uraia, kisha akaweka kidole hicho hicho kwenye jalada la pasi ya binti yangu. Malipo mapya yakatakiwa, kwa kiwango cha wageni. Fedha taslimu hawapokei. Nikatoa kadi ya benki ya Ujerumani. Benki ikataka niidhinishe muamala kwenye programu ya simu, na mtandao wa simu pale ulikuwa unakuja na kupotea. Jua likapanda. Watoto wamekaa ndani ya gari la joto, wanyama wanarudi vivulini, dereva anauliza nani atamlipa kuchelewa. Simu ya wakala imezimwa. Ile fedha ya kwanza haikurudi mpaka leo.

Kwa hiyo sikilizeni. Usitume kiingilio cha hifadhi kwenye namba ya simu ya mtu. Kiingilio kinalipwa kwa kontrolo namba inayotoka kwenye mfumo wa serikali, au kwa kadi. Ukitumia wakala, mwambie akutumie kontrolo namba yenyewe uilipe wewe, na kabla ya kulipa usome imeandika watu wangapi na uraia gani. Akisema "usijali, tutaongea nao getini", tafuta wakala mwingine. Narudia: akisema tutaongea nao getini, mkimbie. Anayekuambia hivyo anajua bei aliyokupa si ya kweli, na getini utasimama peke yako. Kadi iidhinishe na kuijaribu ukiwa mjini, pale Iringa au Mbeya penye mtandao, na benki yako uiarifu mapema kwamba unasafiri. Beba kadi ya pili ya benki nyingine.

Na ninyi ndugu zetu wa nyumbani, tunawapenda na tunajua mnatupigania bei. Lakini "njooni tu, nina mtu wangu pale" imetutia hasara wengi. Huyo mtu wako hana uwezo wa kubadilisha uraia wa mtoto kwenye mfumo. Msaada mkubwa mnaoweza kutupa ni kwenda ofisini kwa wakala, kuona leseni yake, na kutupigia picha ya bei iliyoandikwa ikitenganisha gari na viingilio. Msione aibu kuuliza. Anayeudhika kuulizwa leseni hana leseni.

Sasa kuhusu pasi zenyewe, maana kuna mtego mkubwa zaidi nyuma ya huu wa getini. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inaruhusu mtu kuchukua uraia wake bila kuacha wa kwao. Wengi wetu tulishangilia, na baadhi wameshaapa. Lakini ruhusa hiyo ni ya upande mmoja. Sheria ya uraia ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa Ujerumani kwa hiari yako, wa Tanzania umeondoka, hata kama ile pasi ya bluu bado iko kabatini na tarehe yake haijaisha. Kuitumia baada ya hapo ni kosa, na usimsikilize anayekwambia "we onyesha tu ile ya zamani". Sisemi usichukue uraia wa huku. Kila mtu ana hesabu zake, kazi na watoto. Nasema ukiuchukua, panga safari kama mgeni, lipa kama mgeni, na viza uombe mapema kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Viza ya kawaida ni dola 50. Angalia anwani iishie na go.tz, kwa sababu kuna tovuti za watu binafsi zinazofanana nayo zinazokutoza zaidi.

Watoto wana nafasi yao. Mtoto aliyezaliwa nje na mzazi ambaye bado ni raia, na mzazi huyo naye si raia wa kurithi (yaani hakuzaliwa nje akaupata uraia kwa mzazi wake), ni Mtanzania, na mpaka anafika miaka 18 anaweza kuwa na pasi zote mbili. Ombeni pasi ya mtoto kupitia ubalozi wa Berlin miezi mingi kabla ya safari. Nyaraka mnazijua, vyeti vya kuzaliwa na pasi za wazazi. Kwa familia yenye watoto watatu, tofauti ya viingilio na viza inalipia usumbufu wote huo.

Kama ndege inapitia Addis Ababa na mtakaa pale zaidi ya saa 12, beba cheti cha homa ya manjano.

Kitu kingine ambacho picha za WhatsApp hazisemi: Julai kwetu ni baridi. Watoto wanatoka huku kwenye jua la kiangazi, begi limejaa kaptula, wanashuka Songwe jioni wanatetemeka. Kitulo na milima ya Uporoto umande unaganda asubuhi. Beba masweta na soksi nzito. Na yale maua ya Kitulo mnayoyaona kwenye picha ni ya masika, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Julai utakuta nyasi, upepo na mawingu yaliyo usawa wa macho. Mimi bado napapenda, hasa kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa zile kona 57 huku bonde la Usangu limelala chini yako. Ila usimwahidi mtoto maua. Hifadhi ya Ruaha ndiyo yenye msimu wake wakati huo, kwa sababu kiangazi kinawasukuma wanyama kwenye mto. Kutoka Iringa mjini hadi getini kupitia Tungamalenga ni kama kilomita 130, nenda na gari lililoinuka juu. Saa 24 zinaanza kuhesabiwa ukiingia, kwa hiyo kuingia saa tisa alasiri na kulala ndani kunakupa jioni na asubuhi kwa kiingilio kimoja.

Ukipanda kwenda Ziwa Ngozi, vaa viatu vya kushika utelezi na uchukue mwongozaji wa kijijini. Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba kule Kiwira, halichukui muda. Kijungu, maporomoko ya mto huo huo wa Kiwira, kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza, kwa hiyo jitambulishe na uulize kabla ya kutoa kamera. Kimondo cha Mbozi kinafaa ukiwa unakwenda Tunduma. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni joto na kuna malaria. Watoto waliozaliwa Ulaya hawana kinga, muone daktari wa huku Ujerumani akuandikie dawa, na chandarua kisikosekane.

Wenyeji wetu wa huku nawasifu kwa jambo moja. Likizo wanaiheshimu. Januari wameshapanga, na msituni kila njia ina alama na saa za kutembea, unaingia bure na mtoto wako Jumapili nzima. Ngozi ingefaa alama kama zile. Lakini sipendi wanavyofundisha watoto kwamba likizo ni hoteli na bahari, na bibi aliyeko mji wa jirani anapewa simu. Sisi tuna kasoro ya upande wa pili: likizo yote inaishia kwenye salamu, rambirambi na vikao vya harusi, mtoto anarudi hajaona hata Mlima Rungwe kwa karibu. Gawa siku mapema. Waambie shangazi na wajomba tarehe za matembezi kabla hujafika, na mchukue mmoja wao kwenye gari.

Na usithubutu kuwatoa watoto shuleni kabla ya likizo ili upate tiketi ya bei nafuu. Huku kusoma ni lazima kisheria, faini ipo, na Bavaria polisi wamewahi kukagua familia zenye watoto wa shule uwanja wa ndege. Kila jimbo lina tarehe zake, angalia za kwenu.

Mkifika Iringa nendeni makumbusho ya Kalenga, hata kama mna nusu siku tu. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi pale mwaka 1954 kutoka Bremen, na wapo kati yetu wanaoishi Bremen ambao watoto wao hawajawahi kusikia habari hiyo darasani. Ombi la msamaha kwa ukatili wa Vita vya Maji Maji alilolitoa Rais Steinmeier wa Ujerumani pale Songea Novemba 2023 lilikuwa zito, nalithamini, lakini vitabu vya watoto wetu bado vinaipita kimya kimya Lugalo ya mwaka 1891, pale Wahehe wa Mkwawa walipowashinda Wajerumani. Mnara wa Lugalo uko kando ya barabara kuu ukitokea Ilula. Simamisha gari, waeleze wenyewe.

Kwa wanaoendesha wenyewe kwenye TANZAM, barabara kuu ya kwenda Tunduma: vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo kweli, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, na hiyo nayo inalipwa kwa kontrolo namba. Anayeitaka mkononi usimpe, subiri uandikiwe.