Panda Jani la Kuliwa: Kuishi na Vipepeo na Nondo Dodoma

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza ninachoshonea kipo Nkuhungu, na hatua sita kutoka kwenye cherehani kuna mndimu ambao kwa miaka mingi niliuona kama kivuli cha wateja tu. Siku moja ya mwezi wa pili, nikiwa napinda gauni, nilimwona kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano iliyopauka akitua kwenye jani changa. Akakunja tumbo, akaligusa jani kidogo, akarukia jani lingine. Mndimu haukuwa na ua hata moja. Niliposogea nikakuta, kwenye kila jani aliloligusa, kitu cha mviringo chenye rangi ya njano, kidogo kama kichwa cha pini. Alikuwa anataga.

Tangu siku hiyo daftari langu la vipimo lina kazi mbili. Kurasa za kushoto ni za wateja: kifua, kiuno, mabega. Za kulia ni za vipepeo. Haya ninayoandika nimeyatoa kwenye kurasa za kulia, kwa ajili ya yeyote mwenye kiwanja hapa Dodoma, au hata mwenye ndoo mbili za udongo mlangoni kwake.

Ukishika jambo moja, mengine yatafuata: usianze na maua, anza na majani. Kipepeo mzima hunywa kwenye ua lolote ambalo mrija wake unafika. Mtoto wake, yaani kiwavi, hula majani ya mimea michache sana, na wengine hawatoki nje ya ukoo mmoja wa mimea. Mama huutambua mmea huo kwa kuuonja kwa miguu. Asipoukuta kwako atakunywa maua yako kisha ataenda kutaga kwa jirani.

Hili nililijua kwa uchungu. Mwaka ule wa kwanza niliwakuta viwavi wanne kwenye mche mdogo wa ndimu uliokwisha kubaki vijiti. Nikawahurumia, nikawahamishia kwenye mpera uliokuwa na majani tele. Siku ya pili hawakuwa wameng'ata hata jani moja. Siku ya tatu walikuwa wamesinyaa. Wangepona kama ningewapeleka kwenye ule mndimu mkubwa, na ulikuwa palepale.

Basi panda mndimu, mlimau au mchungwa, mmoja tu unatosha, kisha mtazame mtoto wa huyu mweusi mwenye madoa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sijui somo zuri kuliko hilo. Akitoka kwenye yai ni kahawia iliyokoza, ana baka jeupe mgongoni, sawasawa na kinyesi cha ndege, na ndege humpita hivyo hivyo. Baada ya kujivua ngozi mara kadhaa anageuka kijani, mnene, mwenye mikanda ya kahawia inayokatiza ubavuni. Mguse taratibu kwa kijiti. Nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye umajimaji, na harufu kali itakujia puani. Mjukuu wangu alipoona hivyo alirudi nyuma akasema, “Bibi, amekasirika!” Nikamwambia amejitetea. Hawashi wala haumi.

Akiwa tayari kuwa pupa, yaani kile kifuko kilichotulia ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, hutafuta kijiti, akafuma kizulia kidogo cha hariri, akajishikiza hapo kwa mkia. Kisha anajifungia mkanda kiunoni. Nimewahi kuacha kazi karibu saa nzima kuutazama mkanda huo ukitengenezwa: kichwa kinakwenda kushoto, kinarudi kulia, uzi juu ya uzi mahali palepale, kama ninavyorudia mshono kwenye mdomo wa mfuko wa suruali usije ukafumuka. Pupa wa kwenye majani mabichi huwa wa kijani. Wa kwenye kijiti kikavu au ukuta huwa wa kahawia.

Watu wataniuliza juu ya mti. Mndimu uliokwisha kukomaa hauumizwi na viwavi kumi. Mche ulio chini ya goti ndio wa kulinda, nao ulinzi wake ni mkono: waokote uwapeleke kwenye mti mkubwa wa jamii hiyohiyo. Dawa ya kunyunyizia usiilete kabisa. Najua hofu inakotoka. Aliyepoteza mahindi kwa viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika na waliingia kwetu mwaka 2017, hawezi kumtazama kiwavi yeyote kwa jicho la upole. Lakini kiwavijeshi vamizi anajulikana: usoni ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Huyo shambani pambana naye. Usimhukumu wa mndimu kwa kosa la wa mahindi.

Baada ya mndimu, ongeza kidogokidogo. Mijohoro iliyojaa mitaani kwetu hulisha viwavi wa kipepeo mmoja mweupe wa kijani-kijani anayeruka kwa kasi, juujuu, kana kwamba amechelewa safari. Ni msafiri kweli, kuna siku hupita kwa mamia, wote wakielekea upande mmoja. Ukiwa na mjohoro mkubwa ukutani, kata tawi moja liote upya, kwa sababu wanataka majani machanga.

Halafu kuna ule mmea wa utomvu mweupe unaoota kwenye mahame na kando ya barabara, wenye matunda yaliyovimba kama puto. Mbuzi hawaugusi. Kipepeo wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi zenye baka jeupe, anautafuta huo. Kiwavi wake ana mistari myeusi, myeupe na ya njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Anakula sumu ya mmea na kuiweka mwilini, ndege akimwonja anajuta. Ukiupanda, uweke mbali na watoto, na utomvu usiingie machoni.

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Kuna kipepeo mwingine kabisa, asiye na sumu, ambaye jike lake limevaa nguo ileile ya chungwa ili ndege wamwogope. Mimi ninayekata vitambaa kila siku nilidanganyika miezi mingi. Siri iko kwenye bawa la nyuma: mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa, mwigaji ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Dume la mwigaji halifanani naye hata kidogo, ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau inayong'aa likielekea jua. Viwavi wao hula ile mboga-pori inayotambaa chini, yenye majani manene yenye maji na maua madogo ya njano. Mvua ikinyesha inaota yenyewe pembeni ya karo. Mimi huiacha.

Kuacha ndiyo kazi ngumu zaidi katika mji huu. Tumelelewa kwamba kiwanja safi ni kile kilichofagiliwa mpaka udongo ukang'aa, na majani makavu yakachomwa jioni. Jirani yangu aliniambia wazi kwamba ninafuga nyoka. Hofu yake ni ya haki, na nimeiheshimu: pori langu dogo lina upana wa kanga mbili zilizotandikwa, lipo kwenye kona ya ukuta mbali na mlango, na eneo lote kati yake na nyumba nalifagia kama kawaida. Ndani ya kona hiyo kuna nyasi ndefu, kishona nguo, kivumbasi kinachotoa maua, na lundo la majani makavu. Kipepeo wa kahawia anayeruka magharibi jua likishazama hulala kwenye majani hayo, na viwavi wake hula nyasi. Wa kiangazi hufanana na jani kavu kiasi kwamba nimewahi kuweka mkono karibu naye na nisimwone mpaka aliporuka. Wa masika ana macho-macho yaliyo wazi zaidi kwenye mbawa.

Maua sasa. Zinia, alizeti ndogo, mrehani ulioachwa uchanue, na hicho kishona nguo ambacho kila mtu anakingʼoa. Zinia hustahimili jua letu na mbegu zake unaziokota mwenyewe kila mwaka. Lantana usipande, hata kama vipepeo wanaijaa: ndege husambaza mbegu, inageuka kichaka, na mifugo ikiila inaugua. Bogenvilia ni pambo la ukuta, usiitegemee kulisha wengi.

Maji yetu ni ya mgao na mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo panda mvua ya kwanza ikishaloweka udongo vizuri. Kiangazi mimi humwagilia kwa maji ya kuoshea mboga na mchele. Pia nina sinia la zamani nililojaza mchanga, naulowanisha asubuhi na kunyunyiza chumvi kidogo sana. Mchanga uwe na unyevu tu, maji yasisimame, maana mbu hawahitaji mwaliko. Wanaokuja kunyonya hapo wengi ni madume, wanatafuta chumvi, na sehemu ya chumvi hiyo humpa jike wakati wa kupandana.

Ukitaka kuliona jambo hilo kwa ukubwa wake, nenda kwenye korongo lolote la mchanga mwezi wa tatu au wa nne, pale watu walipochimba maji na ng'ombe wakanywa na kukojoa. Nenda saa nne asubuhi jua likiwa limepasha moto. Utakuta weupe, wa njano na wa chungwa wamebanana kwenye unyevu, mbawa zimesimama wima. Chuchumaa mbali, sogea ukiwa umeinama, na kivuli chako kisiwaangukie. Kivuli ndicho kinachowakimbiza kuliko miguu.

Asubuhi za Juni na Julai, zile zenye upepo na baridi, usitoke mapema. Kipepeo hana joto lake mwenyewe. Saa tatu au nne utamkuta kwenye ukuta unaopigwa na jua amefungua mbawa zote anaota, na huo ndio wakati wa kupiga picha kwa simu bila taabu. Piga juu ya mbawa na chini yake, kwa maana mara nyingi jina linapatikana upande wa chini. Picha unaweza kuziweka kwenye programu ya iNaturalist, ambako watu wanaojua husaidia kutaja jina, nawe unaandika tarehe na mahali. Kumkamata sioni haja. Ule unga unaobaki vidoleni ni magamba ya mbawa zake, yamepangwa kama vigae, na hayaoti tena.

Nondo nao nawapenda sawa na ndugu zao. Tandika shuka jeupe ukutani, washa taa mbele yake usiku usio na mbalamwezi, hasa baada ya mvua za kwanza kukiwa na joto na mawingu. Ukiwa na tuta la matembele, tarajia nondo mkubwa wa kijivu mwenye mikanda ya waridi na nyeusi tumboni. Mrija wake ni mrefu kuliko mwili. Zima taa ifikapo saa nne, kwa sababu wanajichosha kuzunguka na mijusi kafiri hujipanga ukutani kama foleni ya chakula. Kwa wale vipepeo wakubwa wenye nguvu ambao hawajali maua, ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, changanya na machicha ya pombe, paka kwenye shina la mti mchana.

Pupa anahitaji subira tu. Wa masika wengi hutoka ndani ya wiki mbili au tatu, lakini wengine wanaoanza mvua ikiisha hukaa kimya miezi kadhaa. Kabla ya kudhani amekufa, mtazame. Aliye mzima ni mzito na akiguswa hujitikisa. Mwepesi, mweusi, mwenye tundu dogo la duara, huyo ameliwa na nyigu wadogo kutoka ndani. Aliyeanza kuonyesha rangi za mbawa kupitia ngozi atatoka kesho yake, hivyo amka mapema na usimsaidie hata kidogo. Akitoka ananing'inia, mbawa zimekunjamana kama kitambaa kilichotolewa ndani ya maji, anazijaza umajimaji kutoka mwilini mpaka zinyooke. Ukimwangusha wakati huo zitakauka zikiwa zimepinda.

Kwenye nguzo ya kibaraza changu yupo mmoja wa kahawia tangu mwezi wa tano. Leo asubuhi nimemgusa kwa ncha ya kidole, akajitikisa mara moja. Nimeandika ukurasa wa kulia.